Somo la Wote, Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha walimu. Kwa kawaida husinzia. Leo nimekaa wima, macho makavu. Mkuu wa Chuo ametangaza kwamba wakaguzi watakuja Jumatano ya wiki ijayo kutazama masomo, wajue kama kila mwanafunzi anaweza kuyafuata: asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, na yule anayeelewa taratibu. Mwalimu atakayewapendeza ndiye atakayekuwa Mkuu wa Idara, maana wa sasa anastaafu.

Mkuu wa Idara! Ofisi yenye dirisha! Miaka yote hii nafundisha Historia ya Biashara na kusahihisha mitihani kwenye korido, jirani na choo. Zamu yangu imefika.

Kikwazo ni kimoja tu, mwalimu wa Jiografia. Namwita Bi Polepole, kwa sababu yule hazungumzi, anadondosha neno moja moja. Alipoulizwa kama yuko tayari akasema atajaribu. Unafiki mtupu. Mimi nilisema niko tayari tangu jana.

Jumanne, 4 Machi

Nimelichunguza darasa langu kitaalamu. Wote wanaona. Wote wanasikia. Wote wanapanda ngazi hadi ghorofa ya pili bila kulalamika. Maana yake somo langu halina tatizo hata chembe!

Nimemweleza mke wangu. Akaniuliza kama sijafikiri kwamba wasioweza kupanda ndio hao wasiokuja. Nimemwambia mambo haya yana wenyewe. Akaendelea kukunja nguo.

Hata hivyo wakaguzi watataka kuona mchanganyiko. Na mchanganyiko wote anao Bi Polepole. Kijana wa kiti cha magurudumu, wake. Msichana asiyeona, wake. Kaka mmoja kiziwi anayekuja na mkalimani wa lugha ya alama, naye wake. Amewahodhi! Sisi wengine tutapata wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Nimemfuata kijana wa kiti cha magurudumu kantini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi mgongo ukalia. Nikazungumza kwa sauti kubwa, neno moja moja, aelewe. Kantini nzima ikageuka. Akanijibu kwa adabu kwamba mwalimu, mimi ni miguu tu, masikio yangu ni mazima.

Nikamkaribisha ahamie somo langu. Akauliza atapandaje. Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Nimempigia shemeji, kaka yake mke wangu, fundi seremala. Nampenda sana shemeji. Hana maswali, isipokuwa lile la chakula kiko wapi. Nimemwagiza atengeneze njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu, mbao nzuri, vishikio pande zote mbili. Bi Polepole atajua hajui.

Jumamosi, 8 Machi

Mteremko tayari! Unang'aa kwa vanishi. Unaanzia sakafuni mwa darasa langu, unapanda vizuri kabisa hadi kwenye jukwaa langu la kufundishia, mbele ya ubao. Shemeji amemaliza sufuria nzima ya wali na maharage. Anastahili.

Nimemwita kijana aje kushuhudia. Akafika chini ya ngazi. Akaziangalia ngazi. Akaniangalia mimi niliyekuwa juu. Nikamhakikishia, kwa sauti, kwamba mteremko upo, ni mzuri mno, asiwe na wasiwasi. Akasema anaamini. Kisha akageuza kiti akaenda zake.

Fadhila ya punda ni mateke.

Jumatatu, 10 Machi

Wikendi nilirekodi mhadhara wangu mzima kwenye simu. Asubuhi nimempa msichana asiyeona, mchana akanirudia. Amesema sauti ni nzuri, ila kila mara nasema "kama mnavyoona hapa", na tena "mstari mwekundu unapita hivi". Nikamshauri auwaze tu huo wekundu. Akasema wekundu si shida, mwalimu, anachotaka kujua ni mstari unakwenda wapi. Watoto wa siku hizi wana majibu!

Nikaenda kuchungulia dirishani kwa Bi Polepole. Anachora mto ubaoni huku anautaja wote: sasa unapinda kushoto, sasa unapanuka, sasa unaingia ziwani. Kama mtu anayesema peke yake jikoni. Na maelezo ya somo aliwapa tangu Ijumaa! Ukishampa mwanafunzi maelezo mapema, wewe mwalimu unabaki na nini?

Lakini nimegundua siri ya ushindi wake. Chumba! Kiko chini, mlango unatazama ua, hakuna ngazi hata moja. Wale hawamfuati yeye, wanafuata chumba. Mwenye chumba ndiye mwenye wanafunzi. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeingia kwa Bi Polepole nikichechemea. Nimemwambia goti limenisaliti, daktari amekataza ngazi, namwomba chumba chake kesho, siku moja tu. Nikamung'unya maneno kiungwana.

Alinivutia kiti haraka. Akasema pole sana kaka, goti si la kuchezea. Akafikiri. Akasema wanafunzi wake hawataweza wote kupanda, kwa hiyo ni afadhali wabaki palepale niwafundishe mimi, yeye apande kuwafundisha wangu. Nikamkumbusha wakaguzi, ili dhamiri yangu iwe safi. Akasema watamkuta hukohuko juu, hakuna neno.

Amenasa! Nimetoka nikichechemea kwa furaha. Mguu mwingine, nadhani, lakini hakuona.

Jumatano, 12 Machi

Nina hasira, naandika haraka.

Wakaguzi wawili walikuta darasa la kupendeza. Kijana wa kiti mbele, msichana asiyeona kando yake, kaka kiziwi na mkalimani wake. Nikafundisha kwa kasi na ufasaha ambao sijawahi kuufikia. Mikono ya mkalimani ikakimbizana na maneno yangu, kisha ikatulia mapajani. Kaka kiziwi akacheka peke yake. Nikauliza kuna nini. Mkalimani akaeleza kwamba kaka amemwambia apumzike, mwalimu akisema kitu atamwamsha.

Mkaguzi, mama mmoja mrefu, akawauliza wanafunzi kinachowasaidia katika somo hili. Wakafunguka! Chumba hiki walikiomba wao. Maelezo huyapata mapema, mkalimani ayasome kabla. Kila kinachochorwa hutajwa. Yote yalitokana na mwalimu kuwauliza siku ya kwanza, nini kitawasumbua. Mkaguzi akanigeukia akitabasamu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ndipo msichana asiyeona akasema samahani mama, siyo huyu. Huyu ni mgeni wetu, goti linamuuma.

Wakaguzi wakaaga, wakaelekea juu. Nikawapita kwenye ngazi, nikiruka mbili mbili, niwahi kuliokoa darasa langu. Mkaguzi wa pili akasema kwa mshangao kwamba mwalimu amepona upesi. Nimejipalia makaa!

Juu sikulitambua darasa. Watu wamehama viti. Wawili kumbe hawaoni ubao tangu muhula uanze. Na yule wa nyuma kabisa, ninayemwita Kimya, niliyemfelisha mara mbili, nikamwandikia kwamba ni mvivu na ana kiburi, amekaa mbele upande wa kulia anajibu maswali. Maswali ya somo langu! Alieleza njia za misafara ya biashara tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Sikuwahi kuisikia sauti yake. Bi Polepole akanong'ona kwamba ana sikio moja tu linalosikia, tangu utotoni. Alikuwa amemuuliza.

Niseme kweli, niliona aibu, na nikamhurumia kijana wa watu. Nilikaa hivyo mpaka wakaguzi walipofunga mafaili yao.

Halafu nikaanza kukasirika. Kwa nini hakuniambia mapema? Muhula uliopita nilisimama ubaoni nikauliza wazi kabisa, kama kuna asiyenisikia ainue mkono. Hakuna aliyeinua!

Ijumaa, 14 Machi

Bi Polepole ndiye Mkuu wa Idara. Walimu wamepiga makofi. Nami nimepiga, mtu asije akasema nina wivu. Mke wangu amesema chema chajiuza. Sikumuuliza kibaya hufanya nini.

Bi Polepole ameagiza Kimya apewe mtihani upya. Sawa. Pia ameagiza kila mwalimu akae na wanafunzi wake, mmoja mmoja, awaulize ni nini kinawapa shida katika somo, kisha ampelekee majibu Jumatatu. Aliniangalia kwa huruma akasema nisihofu, ni kusikiliza tu.

Kusikiliza tu! Hajui mimi ni mtu wa vitendo. Majibu ninayo tayari. Nimekaa mezani jioni hii nikayaandika yote mwenyewe, kwa kalamu tofauti tofauti, nisiwasumbue vijana na masomo yao. Hakuna mwenye shida yoyote. Wengi wanasifu mteremko. Hata Kimya amenishukuru, aya nzima, kwa jinsi ninavyomsikiliza.