Tasa Yangu ya Bilioni Moja na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa shule, Madam Nabukenya, ametangaza: kati yangu na mwalimu mwenzangu Mugume, atakayeleta namba tasa inayozidi bilioni moja, pamoja na ushahidi, atapewa kufundisha hesabu za Senior Four, kidato cha nne. Nimefundisha kilimo miaka sita. Inatosha! Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimechagua 1,000,000,007. Sura yake tu ina ukaidi.

Jumanne, 4 Machi
Mugume ametumia simu. Dakika moja! Madam amekataa, anataka karatasi. Mimi nagawanya kwa mkono. Kwa saba: inabaki sita. Kumi na moja: sita. Kumi na tatu: sita tena. Nikaingiwa na hofu. Kumi na saba: kumi na nne. Nikapumua. Mke wangu, Evas, akauliza kama nitakula. Nikamwambia asubiri nimalize kumi na tisa. Sita!

Alhamisi, 6 Machi
Zimebaki zaidi ya elfu tatu za kujaribu. Nimeishia mia moja na moja. Huko mbele zinafanana tu. Mkaguzi wa ushahidi ni Christophe, mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya mpaka. Mtandao ni mzuri sokoni Bwera, kwa hiyo nilimpigia nikiwa huko, kwa sauti: nimejaribu kila njia, ni tasa kabisa, ushahidi ninao! Akasema, "Iko muzuri, mwalimu. Lete karatasi." Jamidah, muuza nyanya, akanipa pole na nyanya mbili za bure. Mwanamke mwema.

Ijumaa, 7 Machi
Evas ameondoka. Jamidah alimpelekea pole yeye pia. Miaka miwili ya ndoa, hatujapata mtoto, na eti mimi nimemtangaza sokoni! Yuko Kyarumba, kwa mama yake. Nililia kidogo, halafu nikagawanya kwa mia moja na tatu. Haikusaidia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda Kyarumba na karatasi zote. Mama mkwe hakunipa kiti. Nikaeleza saa nzima. Akauliza mutu mwenye bibi nyumbani anatafuta tasa ya nini. Evas ndiye aliyecheka kwanza. Tumeshuka pamoja, kwa sharti moja: neno hilo nisilitamke tena, nyumbani wala sokoni. Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi
Ushindi! Nimeazima simu ya Mugume yenye intaneti, kwa utafiti tu. Kumbe 1,000,000,009 nayo ni ile isiyotajwa! Zikipishana hivi kwa mbili, huitwa pacha. Mugume hajui. Nikakimbia sokoni, nikampigia mama mkwe mbele ya Jamidah. Kiapo nimekitunza, neno halikutoka. Nilisema tu: Mama, nimehakikisha, ni pacha! Akapiga vigelegele mpaka simu ikakatika. Evas sijamwambia, nataka ashtuke mwenyewe.

Jioni zimekuja habari kwamba kesho mama mkwe anashuka na wanawake wa kanisa, wamebeba maziwa na ndizi. Wako sita.

Sikujua Kyarumba wanapenda hesabu namna hii. Nitaazima ubao wa shule.