Filamu ya Kuiangusha Halverin

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza kuandika filamu! Kampuni kubwa ya teknolojia inauza siri za watu, mkurugenzi anahonga maseneta, na mhandisi mmoja mnyenyekevu mwenye sura nzuri anafichua yote. Mhandisi ni mimi. Kampuni ni Halverin, mwajiri wangu, ila nimeiita Malverin. Nani atajua? Naandikia hapa hapa ofisini Sunnyvale, kwenye kompyuta yao. Yangu ya nyumbani inakwamakwama.

Jumatano, 6 Machi
Mtayarishaji mmoja wa Los Angeles kasoma kurasa kumi. Anataka zote Ijumaa ijayo! Akinunua, naaga kazi hii baada ya miaka kumi na moja. Gareth wa meza ya jirani kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia jino linaniuma. Mmbea yule.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Faili niliihifadhi kwenye folda ya idara nzima. Watu arobaini wameisoma, na wanaandika maoni pembeni. Gareth: “Mhandisi ana nywele? Zimetoka wapi?” Bosi wangu Darlene: “Wendell, jamani, seneta gani anahongwa kwa boti ya kukodi?” Mpaka mpishi wa kantini kasikia. Anaomba awemo, afe kishujaa.

Jumanne, 12 Machi
Nimeitwa kwa wanasheria. Nilijiandaa kufukuzwa kwa heshima. Wapi! Wakanionyesha karatasi niliyosaini siku ya kwanza kazini: chochote nitakachobuni kwenye kompyuta ya kampuni ni mali ya kampuni. Filamu wameipenda. Itakuwa somo la maadili, lazima kwa wafanyakazi wote, kila mwaka, na mtihani mwishoni. Mtayarishaji nimemwambia imeshachukuliwa. Nimelia chooni, sikatai.

Ijumaa, 12 Aprili
Tumeitazama ukumbini. Mhandisi kaigizwa na Gareth! Mwisho wameubadilisha: badala ya kukimbilia magazetini, anapeleka malalamiko yake kwa bosi, anashukuriwa, anakula keki. Watu wakapiga makofi. Mtihani nimefeli. Narudia Jumatatu.

Lakini hawanijui. Leo mchana nimeanza filamu ya pili: jinsi walivyonipora ya kwanza. Safari hii nimekuwa mjanja, faili nimeifunga kwa neno la siri. Kompyuta ya kazini ilinisumbua kidogo, Darlene akanisaidia kuliweka.