Kiti cha Mwalimu na Beseni la Miguu

Jumatatu, tarehe 4

Mwalimu wa darasa letu la Biblia amehamia kwa binti yake. Kiti chake kiko wazi, Jumapili tunachagua mwingine. Kiti chenyewe nilikishona mimi, fundi makochi: sponji nene, misumari ya shaba. Sijawahi kukikalia hata dakika moja. Mpinzani ni mmoja tu, mkunga mstaafu. Hana kitabu. Mimi ninacho. Cha mtumba, kinaeleza mila za Wayahudi wa kale. Kurasa za mwisho hazimo. Si neno.

Jumatano, tarehe 6

Nimegundua jambo. Karamuni Wayahudi wale hawakukaa vitini. Walijilaza kwa kiwiko cha kushoto, miguu imeelekea nyuma. Ndiyo maana yule mwanamke mwenye marhamu alisimama nyuma ya Yesu na bado akaifikia miguu yake. Miaka thelathini mimi nilikuwa namwona akitambaa chini ya meza. Nimemsimulia mke wangu. Akauliza kama Wayahudi hao walikuwa wanamaliza makochi ya wateja kwa wakati. Nabii hana heshima kwake.

Alhamisi, tarehe 7

Mchungaji amempa kila mgombea somo moja. Leo zamu yangu. Nikatandaza sponji za wateja ukumbini, nikawalaza wote kwa kiwiko cha kushoto. Mambo yalikwenda vizuri dakika saba. Ya nane, mzee wa kanisa akaanza kukoroma. Ya kumi, kwaya ikamwitikia.

Aliyebaki macho ni mkunga. Akasema, haya fundi, kama miguu ilikuwa nje hivi, na vumbi la njia nzima, basi usiku wa karamu ya mwisho kila mwanafunzi aliiona. Na kila mmoja alilala pale akimtegea mwenzake ainuke kuchukua beseni, maana ile ilikuwa kazi ya mtumishi wa chini kabisa. Ndipo akainuka Bwana mwenyewe, akawaosha. Hata mzee wa kanisa aliamka akasema amina. Somo langu, sponji zangu, amina kaondoka nayo yeye.

Ijumaa, tarehe 8

Zamu ya mkunga. Hakufundisha. Eti somo lake liliisha jana.

Jumamosi, tarehe 9

Nimewaza tangu asubuhi. Aliyeosha miguu ndiye aliyekuwa Mwalimu. Kwa hiyo atakayeosha miguu ndiye atakayekuwa mwalimu. Nimeligeuza kila upande, sioni pa kukosea. Nimenunua beseni jipya. Mke wangu kasema nianze na vyombo.

Jumapili, tarehe 10

Kabla ya kura nimeosha miguu ya darasa zima. Nilianza na mkunga, watu waone roho yangu. Akashukuru, akasema ndugu yangu, usisahau katikati ya vidole. Mchungaji akavua miwani, akaifuta. Alisema hajawahi kuona mikono iliyoumbwa kwa utumishi kama hii. Nikajua kiti ni changu.

Mkunga amepata mikono yote isipokuwa mmoja. Huo mmoja ulikuwa wangu, bado una povu. Mke wangu anadai alinyoosha wake kwa kujinyoosha tu.

Kisha mchungaji akanipendekeza mimi niwe mtumishi wa ukumbi. Kufagia, kupanga viti, kutunza beseni. Nimepita bila kupingwa. Nikakabidhiwa funguo.

Jumatatu, tarehe 11

Nimefagia. Nimefuta vumbi kwenye kile kiti, hasa misumari. Nilipopumzika nikafungua kitabu, ukurasa wa mwisho uliosalia. Katika nyumba ya mfalme, mtu mmoja alibeba ufunguo begani. Akifungua, hakuna wa kufunga. Akifunga, hakuna wa kufungua. Aliyemzidi ni mfalme peke yake.

Nimesoma mara tatu. Mchungaji anajua anachofanya.

Makochi ya wateja yatasubiri, leo nimeshona mkanda wa kuzitundika funguo begani. Jumapili nitawahi, nitafunga mlango kwa ndani, nitakaa kwenye kiti. Mwalimu atakapobisha hodi na darasa lake, nitauliza ni nani.