Ukakamavu wa Watoto wa Wenye Nacho

Napenda kuutangazia umma kwamba Kamati ya Ukakamavu wa Vijana, ambayo mimi ndiye Katibu wake, imekamilisha utafiti na kubaini kuwa nguvu za kijana hutokana na mali ya baba yake. Mfano hai ni Davis, mtoto wa Mwenyekiti wetu. Nyumbani kwao kuna mashine ya kukimbilia, ingawa kwa sasa imeanikiwa mashuka. Tukampa nafasi iliyobaki kwenye timu ya mbio ya mkoa.

Kurwa wa Bangwe, kule ufukweni mwa ziwa, akaja kuidai nafasi hiyo. Kijana huyu huwabeba abiria mgongoni kutoka mchangani hadi kwenye boti wasilowe, kisha hurudi mbio kumuwahi mwingine.

"Shikamoo, Katibu. Naomba na mimi nikimbie, mnione."

"Marahaba. Ukikimbia utatuvurugia utafiti."

"Na hawa abiria ninaowabeba?"

"Hiyo ni kazi, mwanangu. Mazoezi hufanywa na mtu aliyeshiba."

Kwa huruma, Kamati ikawatangaza Kurwa na wenzake kuwa dhaifu, ikawapiga marufuku kubeba kitu chochote kizito hadi afya zao zitengemae. Siku hiyo nililala na moyo mweupe.

Jumamosi tukateremka Bangwe kupanda boti, twende ng'ambo ya ghuba kujipongeza kwa samaki aina ya kuhe wa kuchoma. Mwenyekiti, ndani ya suti yake ya kijivu, akasimama nyuma ya Kurwa akisubiri ainamiwe.

"Samahani, Mzee," Kurwa akasema. "Sisi dhaifu."

Wenzake wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mmoja akakohoa.

Ikabidi Mwenyekiti apande mgongo wa Davis. Hawakufika mbali, Davis akaketi ziwani na mzazi wake juu yake.

"Baba, kwenye mashine hakuna utelezi," alijitetea.

Mwenyekiti akaitisha kikao cha dharura palepale, maji yakiwa kifuani. Kikao bila akidi ni batili, hivyo wajumbe wote tukamfuata na viatu vyetu. Mawimbi yalipotuzidi tukajisogeza hadi kwenye boti, tukashika ukingo wake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine tukapiga kura. Kurwa akapitishwa kwa kauli moja: ni mkakamavu, na anachukua nafasi ya Davis.

"Haya, mwanamichezo," Mwenyekiti akaamuru huku akitetemeka. "Sasa tubebe."

Kurwa akatutazama mmoja mmoja.

"Niwapeleke wapi tena, Mzee? Boti si ndiyo hiyo mmeishika?"