Pete Nyekundu ya Cyrus

Ijumaa moja ya Agosti, Cyrus, mchuuzi kijana kutoka Nairobi, alinusa biashara kwenye sebule ya wauguzi Wakenya huko Al Mansoura, Uarabuni. Ibada ya kanisa imeisha, maana huko Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, pilau haijaiva, AC imekufa tangu asubuhi, na kila dada ana mtu wa kumwaza nyumbani. Akafungua kifuko chake taratibu, kama mtu anayefungua maandiko.

"Dada zangu, hizi ni pete za Waselti, watu wa kale wa Ulaya. Tazameni hili fundo. Halina mwanzo, halina mwisho. Mapenzi yakishaingia humo hayaoni mlango."

"Na mawe?" akauliza Charity, muuguzi wa idara ya dharura, mwenye sauti ya upole.

"La kijani linamlainisha kafili, mwajiri aliyekudhamini, asaini likizo yako. La buluu linarefusha mkataba. Jekundu linamshika mwanaume aliye mbali."

Mawe yalikuwa vioo, na pete alizinunua kwa kilo. Lakini tusimhukumu mapema. Fundo lilikuwa fundo kweli.

"Wangu yuko Nyeri," Charity akasema. "Ana vidole kama vyako. Hebu vaa hiyo nyekundu nione."

Cyrus akavaa kwa madaha, akaisifu dakika kumi nzima. Joto nalo likafanya kazi yake. Alipotaka kuivua, haikutoka. Akazungusha. Akavuta huku anatabasamu. Akaomba sabuni, ikashindwa. Kidole kikageuka rangi ya biringanya.

"Kikikaa hivyo mpaka jioni, utakipoteza," Charity akasema, akionja kachumbari.

"Basi ikate, sister."

"Nikate mapenzi ya watu? Si fundo halina mwisho?"

"Ni bati, Charity. Bati na kioo. Nanunua kwa kilo."

"Emily, umesikia?" Charity akamwita mwenzake aliyeketi kochini. "Na wewe ulichukua mbili." Akamgeukia Cyrus. "Rudisha pesa ya Emily. Kifuko kiache mezani."

Cyrus akatazama kifuko, akatazama kidole. Akamrudishia Emily pesa, kifuko akakiacha.

Charity akatoa uzi kwenye kopo la kushonea, akaupenyeza chini ya pete, akauzungusha kidoleni hadi juu ya kifundo, kisha akavuta ncha ya chini. Pete ikapanda ikicheza, ikatoka nzima.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Kazini tunafanya kila wiki." Akaipangusa, akairudisha kifukoni.

Ijumaa iliyofuata, nje ya geti la kanisa, Cyrus alikuta foleni ya wanawake. Mbele yake ilisikika sauti ya upole.

"Jekundu hili limejaribiwa, dada zangu. Lilimshika kijana mmoja wa Nairobi, hata sabuni haikumtoa."

Alilieleza vizuri mno. Cyrus, aliyejua bei ya kilo, alijikuta anapapasa mfuko kutafuta pesa.