Samli, Michembe na Treni ya Kaliua

Jumatatu, 14 Julai 1975
Jumamosi ni mbio za kuchagua wanne wa kwenda kushindana Kaliua. Waranti ya treni, yaani safari bure! Mama yuko Kaliua tangu Januari, anamuuguza Bibi. Nikishika hata nafasi ya nne, nitamwona; nimeshamwandikia kuwa naja. Tatizo: sijawahi kushika nafasi ya nne. Mimi ni wa thelathini na saba. Wa thelathini na nane ana pumu.

Lakini leo, kitabu cha biolojia, ukurasa wa 47: gramu ya wanga hutoa kalori nne, ya mafuta tisa. Tisa! Na shule nzima inakula ugali.

Jumanne, 15 Julai
Nimeacha ugali. Wangu kaula Bundala, bingwa wetu kutoka Nzega. Ana michembe pia, viazi vitamu vilivyokaushwa juani kwao. Aliloweka konzi moja kikombeni. Kipindi cha hesabu kinaisha, vimefura hadi vinamwagika mezani. Akanikaribisha, akiniita Profesa kama kawaida yake. Nikamhurumia. Kalori nne!

Jumatano, 16 Julai
Niliona haya kumwuliza Mwalimu Tobias kwa mdomo. Nikaandika swali. Kalijibu mbele ya darasa: wanga ukizidi mwilini hugeuka mafuta. Nimechanganyikiwa. Kama ugali mwishowe ni mafuta, si heri nianze na mafuta yenyewe? Mwalimu akasema tumbo halina haraka kama mwenye tumbo. Wakacheka. Sikuelewa.

Ijumaa, 18 Julai
Mjini, kwa Shangazi Khole. Shikamoo, marahaba, mbona umekonda hivyo. Kanipa kopo la samli. Kijiko kimoja kwa siku, juu ya wali, kasisitiza. Masikini, hajasoma ukurasa wa 47.

Jumamosi, 19 Julai
Alfajiri, nusu kopo la samli tupu, bila wali. Filimbi ikalia. Mita mia mbili za kwanza nilikuwa wa tano! Kisha tumbo likanguruma. Nikakimbia kuliko siku zote za maisha yangu, ila kuelekea vyooni. Bundala, wa kwanza, alikuja kuniuliza kupitia mlangoni kwa nini nimeacha njia wakati nilikuwa napaa.

Nimempa Bundala barua ampelekee Mama. Machozi yalinitoka. Nadhani ni samli.

Alhamisi, 24 Julai
Bundala karudi na ushindi. Anasema Mama alikuwa stesheni, akachungulia kila behewa, akidhani nimejificha kwa haya. Kanitumia kikapu cha michembe. Ujumbe: mwanangu loweka, pika, kula taratibu.

Sikula chakula cha jioni.

Ijumaa, 25 Julai
Ajabu! Mkimbiaji wetu mmoja kateguka mguu, na timu inarudi Kaliua wiki ijayo kwa fainali. Kesho Mwalimu Tobias anachagua kwa mbio wa kujazia nafasi. Mmoja!

Nikafungua kitabu. Ukurasa wa 48 ulikuwa umegandana na wa 49 kwa ugali mkavu wa siku nyingi. Unasema mafuta hukaa sana tumboni. Mkimbiaji anahitaji wanga. Kumbe! Kosa halikuwa langu, lilikuwa la ukurasa.

Kuloweka kunapoteza muda, na kupika huenda kunapunguza kalori. Nimekula kikapu kizima cha michembe, mikavu. Migumu kama vigae. Bundala aliponiona alishika kichwa, akakimbia kumwita Mwalimu. Wivu.

Nina kiu kali. Hili ni jagi la tatu la maji. Tumbo linakaza vizuri. Bila shaka ndiyo nguvu zenyewe zinaingia.