Diski ya Pili ya Faith

Jumatatu, 2 Juni 2025
Baridi kali. Makoti mawili. Faith, fundi wetu wa kompyuta hapa kwenye chumba cha kumbukumbu, Malangali, ameongeza waya. Ule wa zamani panya wameanza kuutafuna. Sasa kasha la diski limeunganishwa na seva kwa nyaya mbili: mmoja ukikatika, mwingine unaendelea. Wazo zuri. Nilikuwa mbioni kulitoa mimi.

Nikamwomba nafasi zaidi kwa ajili ya video zangu: wazee kumi na mmoja wa Ufipa wakieleza baba zao walivyoyeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuru za udongo. Kazi ya miaka mitatu. Mzee Oswaldi tumemzika Aprili; Jumapili binti yake, Kalista, anakuja kusikia sauti ya baba. Faith akajibu diski imejaa, nisubiri. Nisubiri! Mimi, mwenyekiti wa kamati!

Jumanne, 3 Juni
Faith yuko Kaoze kwa mama yake, anavuna. Nikafungua seva. (Neno la siri ninalo. Nililidai kikaoni.)

Nieleze taratibu. Kila diski hupewa jina kwenye orodha ya mfumo. Wiki iliyopita ilikuwepo sdb tu. Leo zipo sdb na sdc. Ukubwa sawasawa! Sdb inatumika, sdc, kwa maandishi ya mfumo wenyewe, haitumiki. Diski nzima imekaa bure!

Na Faith huyu hupiga video za send-off kwa malipo. Nimejumlisha: kaificha kwa biashara yake.

Jumatano, 4 Juni
Nikampigia simu. Shikamoo mwalimu, kicheko, kisha eti diski ni moja. Mfumo unaiona mara mbili kwa sababu njia ni mbili. "Mwalimu, uende Kirando kwa barabara ya Namanyere, au ushukie Kasanga upande boti, Kirando si ileile?" Kuna programu ya kuziunganisha njia zionekane diski moja, ataiweka akirudi. Nisiguse kitu.

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na nne. Leo nafundishwa Kirando!

Akasema nitazame namba za kiwandani, zinafanana. Nikatazama. Zinafanana kweli. Magari mawili yakikutwa na namba moja ya usajili, polisi husema nini? Moja ni la wizi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefomati sdc, yaani nimeisafisha yote ipokee video zangu. Mfumo uliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nilikuwa nao mara zote mbili.

Kisha, kwa furaha tu, nikafungua video ya Oswaldi iliyo sdb. Akaganda mdomo wazi. Nikajaribu nyingine. Hakuna. Zote kumi na moja hazifunguki! Na sdb sikuigusa hata kwa kidole!

Jibu ni moja. Faith ameifuta akiwa Kaoze, kwa hasira.

Chakula cha jioni nikakiacha mezani. Mke wangu Valeria akauliza kama ninaumwa. Sikumwambia kwamba Oswaldi amekufa tena.

Ijumaa, 6 Juni
Faith karudi. Akatazama skrini, akanitazama mimi. Akasema, bila kupaza sauti, kwamba nimefomati diski ileile. Nimeingia kwa njia ya pili tu. Akafungua kabati lake, akatoa kidiski kidogo. Nakala za wazee wote, alizozitoa Jumamosi iliyopita kabla ya kuvuta waya. "Zipo, mwalimu. Kaa chini kwanza."

Nilikaa. Machozi yalinitoka, nikasingizia mafua.

Lakini usiku nimewaza. Mtu anawekaje nakala ya kitu ambacho hajui kitapotea?

Jumapili, 8 Juni
Kalista amesikia. Amelia, kisha akacheka pale baba yake anaponikemea: "Mwalimu, niache nimalize, au unajua wewe?" Akamshukuru Faith kwa mikono miwili. Mimi akaniambia pole na baridi.

Jumatatu, 9 Juni
Faith ameweka programu yake. Alipotoka kunywa chai nikafungua ukurasa wa diski. Jina moja. Moja tu!

Juma zima zilikuwa mbili, nimeziona kwa macho yangu, na miwani nilikuwa nimevaa. Nimetafuta kabatini, chini ya meza, nyuma ya seva. Nyaya zote mbili zipo. Wezi wa siku hizi wanaacha nyaya.

Nimeiandikia kamati barua, kurasa nne, na mchoro. Nimewaeleza taratibu kwamba diski ya pili imeibwa, na kwamba mtu wa kuilinda hii iliyobaki, asiye na mashaka hata kidogo, ni mimi.